Giaboksi Iliyochoka Ifunguliwe



Leo tuzungumze juu ya giaboksi ya kubadilisha kwa mkono iliyochoka, na juu ya uamuzi ambao wenye magari wengi wanauchukua haraka mno. Gia zikianza kukwaruza au kuchomoka, giaboksi inashushwa, inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye gari anakwenda Gerezani pale Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kutafuta nyingine iliyotumika. Mimi nasema ile ya kwanza ifunguliwe. Ifunguliwe nyumbani kwako, mezani kwako, kwa utulivu, na kila kilichomo kipimwe kabla hujatoa hata shilingi moja ya spea.

Fikiria hiyo ya mtumba unayokwenda kununua. Imeoshwa nje mpaka inang'aa. Muuzaji anaizungusha shafti kwa mkono mbele yako, inazunguka laini, na unaambiwa usikilize ilivyo kimya. Lakini kwa mkono, bila mzigo, karibu kila giaboksi huzunguka kimya. Imetembea kilomita ngapi? Ilitiwa mafuta gani? Dereva wake alikuwa anakanyaga klachi mpaka chini au nusu? Muuzaji hajui, na usimlaumu, kwa sababu naye alinunua mzigo mzima uliotoka Japani au Sharjah. Unachonunua pale ni uchakavu usioujua, nawe umeacha nyumbani uchakavu ambao ungeweza kuujua kwa saa chache za kazi safi.

Nitachukua mfano wa gari moja ili tusizungumze hewani: Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Nimeichagua kwa sababu bado zipo barabarani kwetu. Zilipita mikononi mwa serikali, misheni na mashamba makubwa, na kule Thika, Kenya, kulikuwa na kiwanda cha Leyland kilichokuwa kikiziunganisha. Walioona Land Rover zilizokusanyika Arusha Oktoba 2024 wanajua mapenzi ya watu kwa magari haya hayajapungua. Mwenye Hilux au Hiace asizime redio. Vyuma vya ndani ni ndugu, na mengi nitakayosema yanamhusu.

Ndani ya giaboksi hii mna shafti tatu za kuzijua. Ya kwanza ni fupi, inapokea nguvu kutoka kwenye klachi. Ya pili iko chini, ina meno mengi, na inazunguka wakati wote ile ya kwanza inapozunguka. Ya tatu ndiyo shafti kuu, inayopeleka nguvu nyuma kwenye transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, na kwenye magurudumu. Gia za kwenda mbele za shafti kuu zimeng'atana na zile za chini muda wote, hata gari likiwa nyutro, ila zinazunguka bure juu ya shafti yao. Unaposukuma mkono wa gia, husogezi gia yenyewe. Unasogeza kola yenye meno, inayoifunga gia moja kwenye shafti ili zizunguke pamoja.

Hapo ndipo sinkro inapoingia. Gia na kola vinazunguka kwa mwendo tofauti, na vikikutana hivyo hivyo meno yatapigana. Kati yao huwekwa pete ya shaba ya njano, yenye mistari myembamba upande wa ndani. Pete inabanwa kwenye mgongo mwembamba wa gia, mistari inakata utando wa mafuta, msuguano unavuta vyuma viwili mpaka mwendo wao ulingane, na hapo tu ndipo pete inairuhusu kola ipite. Cadillac ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye sinkro, mwaka 1928. Land Rover za zamani, Series II na IIA, zilikuwa na sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake, ndiyo maana madereva wa zama zile walikanyaga klachi mara mbili kila waliporudi gia ya pili. Series III ilileta sinkro kwenye gia zote nne za kwenda mbele, na pamoja na raha hiyo ikaleta pete zaidi za kuchakaa.

Sasa, kabla ya kushika spana, gari lisikilizwe. Hii ndiyo sehemu ambayo nawaomba mafundi vijana waipe muda kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa maana giaboksi hutaja ugonjwa wake ikiwa bado ndani ya gari.

Washa injini, weka nyutro, achia klachi. Ukisikia mvumo, kanyaga klachi mpaka chini. Mvumo ukipotea, tatizo liko kwenye beringi ya shafti ya kwanza au za shafti ya chini, kwa sababu klachi ikikanyagwa shafti hizo zinasimama. Sauti ikizuka pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi yenyewe, na giaboksi yako huenda ni nzima kabisa. Watu wameshushiwa giaboksi na kulipishwa matengenezo kwa kosa la beringi hiyo moja.

Kisha endesha. Kwenye Series III gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kwanza inafungwa na shafti kuu, na nguvu haipiti kabisa kwenye shafti ya chini. Kwa hiyo gari likinguruma gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likatulia gia ya nne, mashaka yaangukie shafti ya chini na beringi zake. Hilux na Hiace nyingi za gia tano nazo hupitisha nguvu moja kwa moja kwenye gia ya nne, na ya tano ndiyo inayorudi kupitia shafti ya chini. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na hakuna fundi atakayekudanganya ukishakifanya mwenyewe.

Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, ukiwa umekanyaga klachi sawasawa, pete ya sinkro imekwisha. Ila kwanza hakikisha klachi inaachia kweli. Simamisha gari, kanyaga, subiri kidogo, tia rivasi. Ikilia hata baada ya kusubiri, anza na klachi, mfumo wake wa mafuta au kebo, usiisingizie sinkro.

Na gia ikichomoka? Hapa sitaki mzaha na mtu. Gari linateremka mlima Kitonga, dereva ameweka gia ya pili ili injini ilizuie, na katikati ya mteremko mkono wa gia unaruka kwenda nyutro. Breki zilizokwisha kupata moto zinabaki peke yake na mzigo wote. Mwenye gari linalochomoa gia ambaye anamwambia dereva wake ashikilie kwa mkono anahatarisha roho za watu. Gari hilo lisimame leo.

Lakini kuchomoka kwa gia si lazima kuwe kifo cha giaboksi. Vyuma vinavyosogeza uma za gia vina vishimo, na kwenye kila kishimo hukaa gololi inayosukumwa na springi. Springi ikilegea, gia haina kinachoishikilia mahali pake. Kwenye Land Rover hizi springi hizo hufikiwa giaboksi ikiwa bado kwenye gari, kwa kuinua sakafu ya ndani. Ni kazi ya mchana mmoja na springi tatu za bei ndogo. Ianze hiyo. Ikishindikana, ndipo ujue kola imelika meno, au uma umekwisha, au bushi ya shaba iliyobeba gia ya pili na ya tatu kwenye shafti kuu imechakaa na gia zinacheza mbele na nyuma.

Tuseme imethibitika, inashushwa. Kwenye Series III neno kushushwa si sahihi sana, kwa sababu giaboksi inatokea juu. Unatoa sakafu, unatoa viti na sanduku lake, unafungua propela, kebo na vyuma vya breki ya mkono, kisha unaivuta kwa winchi ya mnyororo na kuipitisha mlangoni. Pamoja na transfa yake ni mzigo mzito mno kuachiwa vijana wawili na kamba. Magari mengine huishusha chini ya chasisi, na huko nasema neno moja: gari lisikae juu ya jeki. Likae juu ya stendi za chuma au magogo makubwa ya mbao ngumu. Matofali ya saruji hupasuka bila kuaga.

Kabla hujamwaga mafuta, chunguza kitundu kilicho chini kabisa ya nyumba ya klachi. Kinachodondoka pale kinakueleza sili gani imekwisha: oili nyeusi nyepesi ni ya injini, nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi. Kitundu hicho kina plagi yake, ila plagi hufungwa gari linapovuka mto na kutolewa baadaye. Ikiachwa, oili inajaa humo na kuilowesha klachi.

Mafuta yakimwagika, yapokee kwenye beseni safi na uyasogeze juani. Vumbi linalong'aa kama dhahabu ni shaba ya pete au bushi. Uji wa kijivu kwenye plagi yenye sumaku ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Vipande vyenye ncha ni jino, na ukivipata, usipumzike mpaka ujue vimetoka wapi.

Sasa kufungua. Chumba chenye mlango, meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, beseni la mafuta ya taa, brashi, na simu ya kupigia picha kila hatua. Usifungue giaboksi uani wakati wa upepo. Mchanga mmoja kwenye beringi mpya utakurudisha ulikoanza. Vitu vipangwe mezani kwa mfuatano uleule viliotoka nao, na kola ziwekewe alama upande uliokuwa mbele. Unapovuta vyuma vya uma, funika kwa kitambaa, gololi zinaruka. Tena kati ya vyuma hivyo mna vipini vifupi vinavyozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Ni vidogo, ni rahisi kuvisahau, na giaboksi iliyofungwa bila hivyo inaweza kushika gia mbili na kujifunga kabisa barabarani.

Beringi zitolewe kwa pula. Najua nyundo na patasi zimezoeleka, na nimeona mikono yenye ustadi ikizitumia. Lakini beringi unayotaka kuirudisha haipigwi, na ubavu wa giaboksi wenyewe ni wa alumini. Ukipasuka masikioni mwa bolti, umeharibu kitu ambacho hakipatikani dukani. Pasha moto ubavu huo kwa maji yanayochemka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi kwa joto lilelile, na beringi iliyogoma kwa nyundo itaachia kwa mkono. Wakati wa kurudisha ni vilevile: ubavu upate moto, beringi ikae baridi, itazama yenyewe.

Beringi haihitaji jina la gari. Namba imechongwa kwenye ubavu wake. Ukikuta 6305, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani: 5 mara 5, milimita 25. Kwa nje ni milimita 62, unene 17, popote duniani, iwe imetengenezwa na SKF, NSK au Koyo. Nenda duka la beringi na namba, si na jina la gari, mara nyingi utapata bei nyingine kabisa. Jihadhari tu, beringi za bandia ni nyingi, na maandishi yake huwa na wino unaofutika au herufi zisizosimama sawa. Baadhi ya beringi za Land Rover hizi ni za inchi, kwa hiyo pima kwa vernia kabla ya kumwaga fedha.

Pete za sinkro hazipimwi kwa macho. Ibandike pete kwenye mgongo wa gia yake, ikandamize kwa vidole na uizungushe. Inatakiwa ishike, isiteleze. Kisha pitisha geji ya kupimia mwanya kati ya pete na meno ya gia. Kadiri pete inavyochakaa ndivyo inavyozama na mwanya unavyopungua. Kwenye vitabu vya fundi vya Toyota nyingi kikomo hakifiki milimita 1. Chini ya kikomo hicho pete haibani tena, inagota kwenye meno, na hakuna mafuta wala dawa itakayoirudisha. Pete hizi zibadilishwe zote, hata ile ya gia isiyolalamika. Mimi hapo sibani fedha, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile na mwakani itakuwa inakungoja.

Kuna jambo linaloniumiza ninapoliona. Gia yenye jino lililovunjika inapelekwa kuchomelewa, kisha inasagwa kwa jiwe mpaka ionekane jino. Meno ya gia yamekomazwa kwa moto na kaboni kwenye ganda la nje tu. Ndani chuma ni laini ili kihimili mshtuko. Moto wa kuchomelea unaliua lile ganda. Jino linaonekana zima, linatembea wiki kadhaa, kisha linamomonyoka na kupita kwenye gia zote zilizobaki. Gia iliyovunjika jino, au iliyotoboka vishimo kwenye uso wa kung'atana, itolewe. Hapo ndipo ile giaboksi ya mtumba ina faida yake ya kweli: inunue kama ghala la gia, uifungue, uchague.

Kinyume chake, mashine ya lethi mtaani ni rafiki mkubwa. Bushi ya shaba ya gia ya pili na ya tatu, washa za kuondoa mchezo, kipini cha gia ya katikati kwenye transfa kilicholika, vyote hivi mchonga vyuma mwenye mkono mtulivu anaweza kuvitengeneza ukimpelekea kipimo sahihi na kifaa kizima cha kufananishia. Mpelekee kitabu cha fundi, ukurasa wenye vipimo. Tuna mafundi hawa Mwanza, Tanga, Mombasa, Bujumbura, na wengi wanaletewa kazi bila namba yoyote, halafu wanalaumiwa bushi ikibana.

Kufunga sitakueleza hatua kwa hatua. Kitabu kinafanya hivyo vizuri kuliko redio. Nitasema mawili. Kila beringi na kila pete ipakwe mafuta kabla ya kuingia, maana mizunguko ya kwanza hutangulia oili kufika. Na kabla ya kufunika, zungusha shafti kwa mkono na uingize kila gia, moja baada ya nyingine, na rivasi. Ukikuta mahali panapokaza, rudi nyuma. Bolti isitumike kuvutia kitu kilichokataa kukaa.

Mafuta sasa. Giaboksi kuu ya Series III inachukua lita 1.5, transfa yake lita 2.5, na aina ni EP90. Dukani utaona GL-4 na GL-5, na muuzaji atakwambia tano ni bora kuliko nne. Kwa difu, sawa. Kwa giaboksi yenye pete za shaba, chagua GL-4, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine. Nyingi ya GL-5 zina kemikali nyingi zaidi za kiberiti na fosforasi, zinazoweza kuila shaba joto likipanda, na zile kali zinaweza kuifanya pete iteleze pale inapotakiwa kushika. Tena kila giaboksi ina sheria yake: Land Rover zilizofuata zenye giaboksi ya LT77 hutumia mafuta mepesi ya giaboksi otomatiki, na ukizitilia EP90 gia zitagoma kila asubuhi.

Series III ina tabia nyingine ambayo imeua giaboksi nyingi zilizokwisha kutengenezwa vizuri. Giaboksi na transfa ni vyumba viwili vyenye oili tofauti, na kati yao kuna sili. Sili hiyo ikichoka, oili inahama kutoka giaboksi kwenda transfa bila tone kuonekana chini. Unafungua plagi ya kupimia transfa, oili inamwagika, unafurahi imejaa, kumbe giaboksi inakauka. Sili hiyo iwe mpya wakati wa kufunga, na kila ukipima kimoja, pima na kingine siku hiyohiyo.

Kilomita mia chache za kwanza endesha kwa upole, bila trela, bila kuvuta gari la mtu. Kisha mwaga oili yote ikiwa ya moto na uichunguze kama ulivyochunguza ile ya kwanza. Kijivu chembamba kwenye sumaku si cha kutisha, vyuma vipya vinazoeana. Ukikuta dhahabu tena, tia oili mpya, rudia ule usikilizaji wa nyutro, klachi na gia moja moja, na uandike gia inayolalamika. Kisha inua sakafu na ukague springi na uma kutoka juu kabla ya kutoa boksi lote kwa mara ya pili.